Yule wa Kule Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana tangu yanikute haya nautazama mkono wangu kama si wangu. Mimi na dada yangu ni mafundi wa makochi, karakana moja, kibubu kimoja, na vifaa tunanunua mnadani. Ijumaa tulikwenda kukagua mali, tukakuta cherehani ya kushonea ngozi, gurudumu limepasuka, dada akasema, "Hii hata bure siibebi," tukacheka mpaka mlinzi akatutoa nje. Kesho yake asubuhi tukagombana juu ya nani amuuguze mama, tukarushiana maneno mazito, kila mtu akashika njia yake, mimi nikaenda mnadani peke yangu, nimefura, nikasimama mbele kabisa. Ikaletwa cherehani ile ile. Sijui niseme nini, mshauri, ilikuwa imependeza. Nikanyoosha mkono, dalali akasema, "Kuna bei kule nyuma," nikapandisha, wa nyuma naye akapandisha, wala sikugeuka, nilichotaka ni yule wa kule nyuma ashindwe, na ukumbi mzima ukatukodolea macho. Niliposhinda ndipo nikageuka. Alikuwa dada yangu. Tumepandishiana bei kwa pesa za kibubu kimoja. Hatujasemezana tangu siku hiyo, anataka tugawane karakana, na Jumamosi hii inanadiwa meza ya kukatia tuliyoisubiri kwa miaka. Niende?

Fundi Makochi

Mwanangu, barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikaichukua tena. Chuma kilikuwa kile kile, ufa ule ule. Kilichobadilika ni moyo wako tu, na bei ikaufuata. Lakini usiusingizie mkono. Ulijua umekasirika, ukaibeba hasira yako ukaipeleka mbele ya dalali, ambaye kazi yake ni kuichochea. Na usidhani furaha ina nafuu: ungeenda siku mama amepona, ungenunua hata kiti alichokalia dalali.

Sasa sikiliza. Bei ya meza ipangeni Ijumaa jioni, mmeshakula, mmetulia. Mmoja anyooshe mkono, mwingine asimame ubavuni amshike mkono bei ikifika pale mlipopatana. Aliyeamka na kisirani asinyooshe.

Ila hayo ni ya watu wanaosemezana. Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, nenda kwa dada yako. Cherehani usiitaje. Anza na mama, umwambie zamu ya kumuuguza itaanza na wewe. Akikufungulia, Jumamosi nendeni pamoja. Asipofungua, meza iache iende, wewe kaa hapo mlangoni.