Nafasi ya Otim kwenye Mduara

Bukavu, 9 Januari 1977

Mwanangu Nabintu,

Kosa wanalolifanya watahini wengi wa ngoma ni kutazama miguu. Nimelitanguliza hata kabla ya salamu, utanisamehe. Mwalimu mzee hupiga hodi kwa somo. Sasa salamu. Kifua chako kinaendeleaje? Kile kikohozi cha mvua kimekwisha? Sisi huku tu wazima. Mke wangu anakusalimu na anauliza utaolewa lini. Nimemwambia aniachie barua yangu.

Unasema mwaka huu utawatahini peke yako wanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa kuwa walimu wengine wamekimbilia Nairobi. Kiti hicho nilikikalia miaka mingi, basi nisikilize. Mwenye miguu mizuri anaweza kucheza mbele ya kioo na bado usijue kama anaijua ngoma. Bwola ya Waacholi si ngoma ya kioo. Ni mduara: kila mwanamume ana kangoma kake mkononi, na anamjua jirani yake kwa bega. Marehemu Okeny, aliyenifundisha nilipokuwa mkimbizi huko Uganda, hakuitazama miguu hata kidogo. Aliingia katikati ya ngoma, akamgusa mmoja begani: “Toka.” Kisha alitazama kama mduara utaliziba pengo bila kupoteza pigo. Ukiziba, wamefuzu wote. Ukiyumba, wamefeli wote, hata mwenye miguu ya swala.

Ndiyo kanuni niliyoiacha hapo chuoni, katika idara ya ngoma. Itumie bila woga.

Mjomba wako,
Mushagalusa


Kampala, 6 Machi 1977

Mjomba Zéphyrin,

Huko serikali imewakataza majina ya ubatizo, lakini mimi niko Uganda, nitakuita nipendavyo. Pokea salamu zangu na za heshima kwa mama wa hapo. Mwambie mchumba bado hajazaliwa. Kifua kimepona. Usingizi ndio unaoumwa. Barua hii anakuletea Mama Perpétue kwenye lori lake la vitenge, kwa hiyo naandika wazi.

Otim hayupo. Ni yule mrefu uliyemfundisha mwaka wake wa kwanza, aliyekuwa akichelewesha pigo kidogo, ukamwacha kwa sababu ilipendeza. Kabla ya mtihani alishuka sokoni Kisenyi kutafuta ngozi ya ngoma. Watu wa usalama wenye miwani ya jua wakamtia kwenye buti la gari mchana kweupe. Waacholi wengi wamechukuliwa hivyo tangu mwezi uliopita. Hakuna anayeuliza, maana anayeuliza hufuatwa.

Mazoezini niliwaambia wenzake waizibe nafasi yake. Hawakusogea. Anena, binti wa baba yake mdogo, alinijia.

“Mwalimu, hapana. Tukiziba tutamkanyaga.”

“Mtafeli, Anena.”

“Basi tufeli. Wewe ungeweza kumkanyaga?”

Wewe hukuwapo, mjomba, nikuulize.

Siku ya mtihani alikuja afisa wa jeshi, kuchagua wachezaji wa kupokea wageni uwanja wa ndege. Walicheza vizuri kuliko siku zote. Lile pengo likazunguka pamoja nao, kama mtu anayezunguka. Afande akanyoosha fimbo yake.

“Wewe madamu! Hii shimo ni ya nini? Mtu yake iko wapi?”

Ngoma haikusita, lakini macho yote yalinigeukia mimi.

“Ndivyo inavyochezwa, Afande. Nimeipanga mimi.”

“Ngoma yako imeng’oka jino, madamu,” akasema, akacheka peke yake.

Kuna jambo jingine, na usinicheke. Nilisikia ngoma ikilia pale pasipo na mtu. Pigo lilichelewa kidogo.

Sasa nifanye nini? Kwa kanuni yako wamefeli wote. Wakifeli, watanyang’anywa kitambulisho cha chuo, na siku hizi kijana wa Kiacholi asiye na kitambulisho hapiti kizuizi cha barabarani akafika kwao. Nikiwafuzisha, nitaulizwa kwa nini. Na mbele ya jina la Otim niandike nini?

Mwanao,
Nabintu


Bukavu, 20 Machi 1977

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, na mlango wako umefungwa vizuri usiku. Mke wangu amesoma barua yako, na safari hii hakuuliza habari ya mchumba.

Nianze na alama, kwa kuwa hilo naliweza. Okeny alipomtoa mtu mduarani, hakuwa akipima kuziba. Alipima kama waliobaki wanajua mwenzao alikuwa amesimama wapi. Kuziba ndiyo njia rahisi ya kuonyesha kwamba wanajua: kila mmoja anasogea kidogo, shida imekwisha. Lakini kuishika nafasi ya mtu asiyekuwapo, mduara ukizunguka, ukigeuka, ukijikunja, na nafasi ibaki na upana ule ule wa mabega yake, hilo sijapata kuliona katika maisha yangu ya kutahini. Jirani wa kulia hana wa kumgusa, wa kushoto hana wa kumsikia, na bado hawapotezani. Wape alama za juu kabisa. Ukiulizwa, sema, “Wanajuana nafasi.” Usiongeze neno.

Mbele ya jina la Otim usiandike kwamba hakuhudhuria. Kesho watalitumia neno hilo kusema alitoroka. Acha wazi.

Kuhusu sauti: ukumbi ule una ukuta wa mawe upande wa kaskazini, na ukuta wa mawe hurudisha pigo likiwa limechelewa. Mduara ukiwa na uwazi, sauti hupita hapo na kurudi hapo hapo. Ndiyo maelezo. Nimeyasoma tena nilivyoyaandika, na hayajaniridhisha.

Ila lile la kusema umeipanga wewe, Nabintu. Umewakinga watoto wa watu. Nani anakukinga wewe?

Mjomba wako,
Mushagalusa


Kampala, 11 Aprili 1977

Mjomba mpendwa,

Natumai mko salama, nami ni mzima. Mama Perpétue sijamwona Kisenyi, kwa hiyo natumia posta, na unajua posta ilivyo. Nitaandika habari njema tu.

Wote wamefuzu. Vitambulisho wanavyo. Anena na wenzake wameondoka kwenda likizo, na nimepata salamu kwamba wamefika mahali pazuri, penye chai nzuri ya Kenya.

Yule Afande amekuwa mgeni wetu idarani. Ni mtu mpole. Anataka nimfundishe mduara, na ajue nani alikuwa akisimama wapi. Aliniuliza nakaa wapi. Nikasema Lubaga. Akacheka sana: “Hapana, madamu. Wewe nakaa Kasubi, nyumba ya mlango ya buluu.”

Hapa nyumbani hakuna ukuta wa mawe, mjomba. Lakini pigo lile nalisikia.

Mwanao,
Nabintu


Bukavu, 29 Mei 1977

Nabintu, mwanangu,

Uzima wako ndio ninaouuliza, na safari hii siulizi kwa desturi. Barua yako ya posta ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena. Nimekuandikia mbili tangu hapo. Hujajibu.

Perpétue alipopita Kampala alifika mpaka kwako. Mlango ulikuwa umefungwa. Alibisha, hakuna aliyeitika, lakini anasema redio ilikuwa ikiongea ndani. Nimejiambia kwamba ulikwenda sokoni ukasahau kuizima. Nimejiambia kwamba umewafuata watoto Kenya. Nimejiambia kwamba ulikuwa ndani, ukadhani anayebisha ni mwingine. Mke wangu ameniomba niache kukisia, nikaenda kwa Perpétue.

Perpétue ataipitisha barua hii chini ya mlango asubuhi. Lori lake litakungoja Kisenyi, mbele ya gereji ya Msomali, mpaka jioni ya siku hiyo hiyo. Usirudi idarani kuaga. Usifunge mzigo.

Panda lori hilo leo.

Mjomba wako