Kijiko Changu cha Siri

Jumamosi, 2 Agosti
Nimefika Sabaki kutoka Marereni, chumvi bado kwenye nyufa za miguu. Nimemletea Sidi gauni. Hakulitazama. Homa siku ya tatu, macho mekundu, midomo imepasuka. Amelala mapajani mwa Dada Dama, aliyemlea tangu nianze kazi ya chumvi. Sidi anamwita yeye mama. Mimi niliyemzaa ni Mama Chumvi. Aliponiita hivyo, wote nyumbani walicheka. Nikacheka nao. Roho iliniuma.

Jumapili, 3 Agosti
Dada anampa dawa ya homa, kisha anaificha juu ya kabati kama mali yake. Alipokwenda kuteka maji nikatoa chupa yangu. Dawa ileile. Vijiko viwili. Nilitaka homa ishukie mikononi mwangu. Ikashuka. Sidi akanishika kidole.
Dada aliporudi akampa tena ya kwake. Sikumwambia kwamba nimeshampa.

Jumatatu, 4 Agosti
Sikwenda kazini. Homa imepanda. Nimempa mara tatu, kwa siri.

Jumatano, 6 Agosti
Hospitali, Malindi. Vidole vimevimba. Weupe wa macho umekuwa manjano. Muuguzi akauliza mama wa mtoto ni nani. Tukaitika sote wawili.
Daktari anasema mishipa ya damu imevimba mwili mzima. Moyo lazima upimwe. Ini nalo limeguswa. "Mmempa dawa gani, na kiasi gani? Msinifiche. Ini hili haliwezi kubeba mzigo mwingine."
Dada akataja yote, hata maji ya mwarobaini. Analia. "Nimemponza mwanangu." Mwanangu! Nikatazama sakafu. Nilifurahi alaumiwe yeye. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Manjano imezidi. Sidi anatapika. Daktari anasema dawa aliyotaja Dada haitoshi kuleta haya, labda ni ugonjwa wenyewe, na anafikiria ampe nini. Anakisia, na mimi ninajua.
Nikamfuata nje ya wodi. "Daktari, na mimi nilimpa. Ileile." Hakunigombeza. Aliandika, akaagiza damu ipimwe upya, akabadilisha dawa. Heri angenigombeza.
Kumwambia Dada kulikuwa kugumu zaidi.
"Mbona ulinificha, mdogo wangu?"
"Nilikuonea wivu."
Baadaye akanipa kitambaa chenye maji, nimfute mtoto uso. Sidi akageuza kichwa kumtafuta yeye.

Jumapili, 10 Agosti
Homa hakuna. Daktari anasema ini linapoa. Kila dawa sasa tunaiandika kwenye daftari moja, mimi na Dada. Bado namwonea wivu. Anajua Sidi hunywa uji wa vuguvugu tu. Mimi sikujua.

Jumanne, 12 Agosti
Macho yameanza kuwa meupe. Ngozi ya vidole inabambuka. Daktari anasema ndivyo ugonjwa huu unavyokwisha. Moyo utapimwa tena.
Asubuhi Sidi aliamka akaita mama. Dada alikuwa nje anafua. Nilijua anamwita nani.
Nikamwambia anakuja. Nikakaa naye mpaka Dada alipoingia, kisha nikampisha.