Mita Nane za Bati

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananikumbusha umri. Mama yako bado ni wa kitandani, vidonda vya mgongo navisafisha asubuhi na jioni. Kisima kimegeuka chumvi. Nikimwosha kwa maji yale anang'ata shuka asipige kelele. Kaka yako anataka kumchukua kwake, ghorofa ya nne. Mama yako amesema katika chumba hiki alimowazaa atatoka akiwa ndani ya jeneza, basi. Lile tangi la saruji uani bado zima. Wewe unayetengeneza matangi, niambie: paa letu litakusanya maji ya kutuvusha kiangazi?

Baba yako, fundi cherehani asiye na wateja

19 Machi

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ila gundi ya karakana imeniingia mpaka kwenye chai. Hesabu ni nyepesi. Zidisha urefu wa paa kwa upana wake. Kila mita moja ya mraba, mvua ya milimita moja inakupa lita moja. Huko msimu huleta milimita mia nne. Ukishapata jibu toa sehemu moja ya tano, hiyo hupotea njiani. Usipande mwenyewe, tafadhali. Mbusu mama.

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimepanda mwenyewe, na utepe wangu wa kupimia nguo. Urefu mita tisa. Upana nimelifuata bati kutoka ukingo huu mpaka kileleni, nikashuka nalo upande wa pili: mita nane. Nimepima mara mbili, maana kitambaa kikishakatwa hakirudi. Tutapata lita elfu ishirini na tatu! Sisi tunatumia themanini kwa siku, kwa hiyo ni siku mia mbili themanini na nane, na kiangazi ni miezi tisa tu. Mama yako amecheka, akaomba nimchane nywele. Kaka yako nimemwambia asijisumbue.

Baba yako

22 Novemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Hapa si kwema sana. Mvua ilikuja kama ulivyosema, lakini tangi halikufika alama niliyochora. Nikajiambia ni macho yangu. Leo nimetumbukiza fimbo: palipaswa kuwa na lita elfu tisa, zipo elfu tatu na kidogo. Nimetafuta ufa kwa vidole, ukuta wote. Hakuna. Maji yanakwenda wapi?

Baba yako

5 Desemba

Baba,

Shikamoo. Hayakwenda popote. Hayakuwahi kuwepo. Mvua inadondoka wima, Baba, haifuati mteremko wa bati. Upana hupimwa chini, ukingo mpaka ukingo, na nyumba yetu ni mita sita. Ulipata lita elfu kumi na saba tu, zitaisha mwanzoni mwa Januari. Uliniandikia wazi ulivyopima. Nilisoma, nikakuona juu ya paa na utepe wako, nikacheka, nikakunja barua. Kazi yangu ni hii, Baba, na nilicheka. Nimempigia kaka. Anakuja na gari kumchukua mama.

Nisamehe. Mwanao

14 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Usijilaumu, mimi ndiye niliyelipima paa kama kiuno cha mteja.

Kaka yako alikwambia kwa simu, lakini hakukwambia yote. Mama yako alishika mwimo wa mlango. Nilimfungua vidole mimi, kimoja kimoja. Kule kwa kaka yako maji ni mengi, matamu, yanatoka ukutani. Alioga siku nne, ya tano hakuamka. Tumemzika hukohuko.

Nimerudi peke yangu. Kitanda sijakitandua. Tangi lina lita elfu moja na arobaini. Mimi natumia kumi na tano kwa siku. Nimepiga hesabu mara mbili: siku sitini na tisa. Mvua itanikuta.

Sasa yanatosha, mwanangu.

Baba yako