Matone Thelathini kwa Dakika

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu kapiga simu tena. Nikahamie kwake. Tuanze na miezi miwili, anasema, mkewe ameshaniandalia chumba cha nyuma, na mjukuu ananiulizia kila siku. (Mjukuu ana miezi minane. Ananiuliziaje?) Nikamwambia: na bustani yangu ataimwagilia nani? Vyombo kumi na tisa hapa roshani — ndoo, makopo ya rangi, lile beseni lililopasuka lenye bamia. Akacheka. Mama, siku hizi kuna vifaa vinamwagilia vyenyewe. Tafuta cha kuaminika, mwisho wa mwezi nakuja na gari.

Miaka thelathini na nne ya uuguzi, nimestaafu juzi tu Januari, na sababu pekee niliyonayo ya kubaki kwangu ni mchicha.

Haya. Nitakitafuta hicho cha kuaminika.

Jumatano, 5 Machi

Duka la pembejeo. Muuzaji mchangamfu, ulimi umepakwa mafuta. Kanionyesha mipira, keni za kumwagilia za shingo ndefu, na koki yenye saa ndani — unaipangia muda, inajifungua na kujifunga. Nikauliza, ikikwama nami niko mbali, nitajuaje? Utaona mimea imekauka, akasema. Nitaionaje nami niko mbali? Akageukia mteja mwingine.

Nimeinunua hata hivyo. Nina hamu ya kuiona ikifanya kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Kwanza nimejaribu chupa. Kizibo kimetobolewa, chupa imesimikwa kichwa chini kwenye udongo. Msumari uleule, tundu lilelile. Ya nyanya imekwisha kabla sijamaliza chai. Ya pilipili haijapungua hata kidogo mpaka jioni. Kwa nini? Nimechimba kwa kidole. Udongo wa nyanya ni wa kichanga. Wa pilipili umeshikana kama tope la matofali, umeziba tundu. Kumbe vyombo ni kama wagonjwa, dozi moja haiwafai wote.

Chupa — hapana.

Jumamosi, 8 Machi

Koki ya saa. Nimeifunga kwenye ndoo kubwa, ndoo juu ya kabati la zamani. Nikaipangia saa tatu. Saa tatu kamili ikalia ta. Maji hayakutoka. Nikaipangia saa tatu na nusu. Ta. Hakuna kitu. Nikampigia mwanangu kumweleza kwamba koki ni mbovu. Nunua nyingine basi, Mama, lakini mbona sauti yako ina furaha?

Sikujua kama ina furaha.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimejiona mjanja. Mipira ya dripu, mipya, kutoka duka la dawa. Nikaichomeka kwenye ndoo, nikageuza vigurudumu vyake vya kubana maji huku naangalia saa ya mkononi: matone thelathini kwa dakika. Mkono haujasahau. Nikakaa mbele ya nyanya zangu kama niko zamu.

Alasiri mlango ukagongwa. Fundi saa wa ghorofa ya chini. Kazi zake anazifanyia nyumbani, dirishani, na mpira wangu mmoja ulichomoka ukaning'inia nje. Maji yamemdondokea mezani, saa ya mteja iko wazi! Nikaanza kuomba radhi, akanituliza kwa mkono. Saa ya watu aliwahi kuisogeza, akakinga kikombe. Alichojia ni kingine.

"Sista, ulifungua matone mangapi?"

"Thelathini."

"Asubuhi, labda. Saa sita yalikuwa ishirini na mbili. Sasa hivi kumi na nne."

Mtu anadondokewa na maji, badala ya kugomba anahesabu.

Akatazama ndoo, imebaki robo. Ndiyo hivyo, akasema, maji yakishuka na msukumo unashuka, tone linachelewa. Kweli. Wodini nilikuwa napita kila mara kurekebisha. Hapa atapita nani?

Akaomba kuondoka na ile koki. Anataka kuona ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Kairudisha vipande vipande juu ya sahani. Si mbovu, anasema, imewekwa pasipo pake. Imetengenezwa ifunguliwe na nguvu ya maji ya bomba. Ndoo haina nguvu ya kuinua kipira kilichomo. Kanionyesha kipira chenyewe, kidogo kama kifungo. Nikauliza hili, nikauliza lile. Chai ikapoa. Miaka kumi na moja tunapanda ngazi moja, na nilichokuwa nakijua ni kikohozi chake tu — mimi zamu za usiku, yeye mchana. Kumbe ni mgane. Binti yake kaolewa mbali. Hatumii sukari.

Akauliza yote haya ni ya nini. Nikamwambia nahamia kwa mwanangu, miezi miwili kwanza. Vizuri, akasema, watoto ni baraka. Akaanza kurudisha skrubu sahanini, moja moja.

Atajaribu kunitengenezea nyingine.

Jumapili, 16 Machi

Hajapanda. Nimemwagilia kwa kopo. Tupa yake inakwaruza huko chini tangu asubuhi.

Jumatano, 19 Machi

Kaja nayo imefunikwa kitambaa kama kichanga. Moyo wake ni saa ya ukutani. Ikifika muda, mota ya kigari cha kuchezea inazungusha koki ya kawaida kabisa, robo mzunguko kufungua, robo kufunga. Haingoji kusukumwa na maji. Na kila mpira una tundu lake: bamia kubwa, pilipili dogo. Tukasimama bega kwa bega tunasubiri. Saa kumi na moja jioni — krrr — maji yakatoka. Nikapiga makofi.

Yeye hakupiga. Alifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

"Sasa unaweza kusafiri, Sista."

Jumatano, 26 Machi

Siku saba, mara mbili kwa siku, haijakosea hata mara moja. Nimeikagua kama mwanafunzi wa uuguzi siku ya mtihani. Udongo umelowa inavyotakiwa. Mnanaa umechipua. Hakuna kasoro, na nimeitafuta.

Mwanangu anakuja keshokutwa. Asubuhi kaandika: kifaa kinafanya kazi? Anataka nijibu ili apange safari. Sijajibu. Sanduku liko wazi kitandani, lina magauni matatu.

Saa kumi Fundi kapanda bila kuitwa. Kagusa hapa, kagusa pale. Kisha akasema kuna kitu kimoja hana uhakika nacho. Betri.

"Zina nini?"

"Haijulikani zitakaa muda gani. Inabidi zijaribiwe."

"Kwa muda gani, Fundi?"

"Mwezi hivi." Akavua miwani, akaifuta. "Au miwili. Na awepo mtu wa kuangalia."

Mtu aliyebadilisha betri za saa kwa miaka thelathini hajui betri hukaa muda gani.

Sikucheka. Nilimwuliza tu huyo mtu aangalie mara ngapi kwa siku. Akafikiri kwa makini kabisa. Mara mbili, akasema, asubuhi na jioni. Ya jioni yeye mwenyewe anaweza kupanda, awe anaandika.

Naandika haya mezani, mlango wa roshani uko wazi. Bado yuko nje, ameiinamia bamia, anahesabu majani au anajifanya. Simu inaita. Ni mwanangu.