Povu Shambani Nkoma

Dada Neema, shikamoo.

Huku Nkoma pamba imepasuka, macho yanauma kwa weupe. Jana mchana tukivuna, shangazi wa mume wangu alianguka kifafa. Wavunaji wakarudi nyuma wakiogopa povu la mdomoni mwake, eti linaambukiza, wakangoja likauke. Kifafa hakikumwachia. Tukampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati, akachomwa sindano, akatulia.

Muuguzi akaniambia, "Kikikazana hivi, seli za ubongo hufanya kazi bila kupumzika mpaka zinakufa. Zikifa hazioti tena."

Nimeduwaa, dada. Shamba zima ndani ya kichwa kimoja!

Alipozinduka akanisalimia Kisukuma, "Mwadila." Nikalia.

Mdogo wetu Baraka naye akianguka kifafa huwa tunamngoja amalize. Muuguzi kasema zikipita dakika tano, msingoje, mkimbizeni zahanati.

Nawapenda,
Rehema