Chaza Niliowamwaga Siku ya Karamu

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, nikabaki nimeshika kalamu kama ninayengoja uitikie.

Ile karamu ya mchango uliyoipanga tumeifanya, Jumamosi, hapa hapa uani kwetu Tongoni. Kama ulivyotaka: watu wa mjini waje wale chaza, wachangie, na maganda tuyajaze kwenye vifuko vya nyavu tuyarudishe majini, chaza wachanga wapate pa kujishikiza na mawimbi yapungue nguvu kabla ya kufika kwenye minazi. Ulipoyasema hayo walikucheka. Maganda walizoea kuyachoma chokaa. Sasa bahari imekula ufuo hadi karibu na mlango wa kaka yako, Mjomba Athumani, na hakuna anayecheka.

Chaza nilimwachia Bi Mwanaidi. Ningemwachia nani mwingine? Mmeokota naye tangu hamjaolewa. Lakini wageni walifika, wakakaa, wakaanza kutazama jikoni, na yeye haonekani. Alipokuja alikuwa na ndoo tatu. Nikafunua ya kwanza. Mama, walikuwa wakubwa mno. Kwetu hapa hawapatikani tena chaza wa ukubwa ule.

Nikamuuliza amewatoa wapi. Akasema mkondoni. Nikauliza mkondo upi, akainama kufunga kanga yake.

Nikajua. Kule yanakotokea maji machafu ya mji. Kule ulikotukataza tangu siku ile mdogo wangu Rehema alipokula chaza wa pale akatapika mpaka akalegea, ukambeba mgongoni hadi zahanati bila viatu. "Hata mkiwa na njaa, pale msiokote." Ulikuwa ukisema hivyo kila tulipopita.

Bi Mwanaidi alinivuta nyuma ya jiko. Alikuwa analia. Alisema kwenye miamba yetu amezunguka siku mbili hakupata hata wa kujaza sahani, na hawezi kuona jina lako linaaibika mbele za watu. Halafu akasema, "Hii karamu ni ya mama yako. Ukiwamwaga hawa, unamzika mara ya pili."

Nilimpita, Mama, nikarudi jikoni.

Mjomba Athumani aliita kutoka uani kwamba wageni wanangoja. Nikabeba ndoo, moja baada ya nyingine, nikazimwaga kwenye shimo la taka na kufukia. Nyingine ilimwagika miguuni mwangu.

Kisha nikatoka. Niliwaambia wageni kwamba leo hakuna chaza, kwamba waliopatikana wametoka mahali pachafu, na kwamba kwenye miamba yetu wamekwisha, ndiyo maana tumewaita. Watu wa meza mbili waliinuka wakaondoka. Nilifikiri ndiyo mwisho.

Mwalimu mmoja wa Mabawa, kule mjini, mama mtu mzima, aliuliza basi kuna nini. Nikamwambia kuna pweza wa nazi, changu wa kuchoma na wali. Akasema tupakue. Wakala kama watu wa matangani. Walipomaliza akaomba aonyeshwe yale maganda uliyokuwa ukiyakusanya. Maji yalikuwa yamekupwa. Walikunja suruali, wakafunga kanga juu ya magauni yao mazuri, wakapanga mstari, vifuko vikapita mkono kwa mkono hadi majini. Ukuta wa kwanza umesimama, Mama. Ni mfupi, haujafika hata mbele ya nyumba ya Mjomba. Lakini mwalimu ameahidi kurudi na wenzake.

Bi Mwanaidi hakushuka ufuoni. Aliondoka bila kuaga, na tangu Jumamosi hajaonekana baharini. Sikumtaja jina mbele ya wageni, lakini kila mtu alijua. Yeye ndiye aliyekuosha. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilimwona alivyokusuka nywele taratibu kama umelala tu.

Kuwamwaga sijutii. Ninajuta kwamba nilimpita pale nyuma ya jiko bila hata kumshika mkono.

Kesho asubuhi nitakwenda kwake. Huenda asifungue. Nitakaa barazani kwake mpaka afungue, na nakuahidi, Mama, mstari wa pili wa maganda hautawekwa mpaka Bi Mwanaidi awe amesimama majini pamoja nami.

Mungu akulaze pema, mama yangu.

Mwanao,
Saumu