Mguu wa Kichuna na Wangu

Jumapili, 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Leo nitakueleza yote, hata ya aibu, maana wewe ni muuguzi.

Juzi kwenye netiboli niligongana na Kichuna, binti wa mama mdogo anayeishi kwetu, tukaanguka pamoja. Kifundo chake kiliteguka kidogo tu. Kimevimba, lakini anakanyaga. Amepewa barafu, bandeji, na mto wa Mama wa kuinulia mguu.

Nikasema, “Mama, wangu unauma zaidi.”

Kichuna akacheka. “Dada, hata maumivu unaniiga?”

Mama naye akasema, “Acha wivu, mwanangu. Mkubwa ni jalala.”

Ni kweli, Shangazi, nina wivu. Naonea wivu hata ule mto. Basi nikavaa soksi ndefu, nikajilaza kitandani na kitabu. Wanadhani nimenuna, kumbe siwezi kusimama. Ndani ya soksi pamekuwa zambarau mpaka vidoleni, na mfupa wa pembeni hauguswi.

Wengine huku wote wazima, na Baba anakusalimu.

Wako akupendaye, binti wa kaka yako.

N.B. Je, mguu wa namna hii umeteguka tu au umevunjika, na utampigia Mama simu wewe mwenyewe?